Haki ya Njia Mbele ya Mlango wa Chuo

 

Wasomaji wetu wapenzi, tumezoea katika kurasa hizi kusoma khabari za sala na saumu, za ndoa na mirathi, na za malezi ya watoto majumbani. Mwezi huu naomba mnisikilize katika jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni kazi ya polisi na Manispaa, lisilohusu dini. Nalo ni njia: njia wapitayo watoto wetu asubuhi wakienda shule na alasiri wakienda chuoni, na zahama iliyopo mlangoni katika ile nusu saa ya kuwaleta na ile nusu saa ya kuwachukua. Nimefundisha Qur'ani hapa Tabora kwa miaka mingi, na mlango wa chuo changu unatazama barabara. Nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na katika baadhi yake mimi mwenyewe nina lawama.

MJI WA NJIA

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, bidhaa zilizotoka pwani zilikuja juu ya mabega ya watu. Misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi katika njia hiyo. Hatusahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha dhulma kubwa ya kuuza wanadamu, wala hatuisifu kwa hilo. Lakini wapagazi wenyewe walikuwa na adabu yao ya kwenda njiani, nayo yafaa kukumbukwa.

Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, wakati mahali hapa palipojulikana kwa jina la Kazeh, aliandika namna msafara ulivyopangwa. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi, na watu wakamfuata mmoja nyuma ya mmoja. Haikuruhusiwa mtu yeyote kumpita. Aliyempita alitozwa faini: mshale mmoja ulitolewa katika podo lake, naye hakuupata ila kwa kuukomboa mwisho wa safari. Na nyuma kabisa walikaa wakubwa wa msafara. Burton aeleza kwamba walikaa huko ili watu wasitoroke. Hata hivyo, kwa mpango huo aliyechoka au kuchechemea hakubaki nyuma pasipo mtu kumwona.

Basi tazama, ndugu msomaji. Katika njia ya mguu, ambapo hakuna aliyeweza kwenda mbio zaidi ya miguu yake, watu walijiwekea sheria ya kutopitana. Leo tuna lami. Katika miaka ya 2010 na iliyofuata, lami ilifika Tabora kutoka Nzega na kutoka Manyoni kwa njia ya Itigi, ikaelekea pia Urambo na Sikonge. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Walakini njia iliponyooka, mwendo ukaongezeka, na adabu ya njia haikuongezeka pamoja nao.

YALIYOTOKEA MLANGONI

Chuo changu kina watoto wapatao 120. Wengi huja kwa miguu, na wakubwa wachache huja kwa baiskeli. Katika miaka ya karibuni wengi wengine huletwa na bodaboda, wawili, watatu, na mara nyingine wanne juu ya pikipiki moja, mdogo wao akikalishwa mbele juu ya tangi la mafuta. Wazazi wenye magari husimama mlangoni kabisa, maana kila mmoja ataka mtoto wake ashuke pasipo kukanyaga vumbi. Bajaji hugeuka katikati ya barabara. Pembeni mama muuza maandazi ameweka meza yake, na watoto wamemzunguka. Yote haya hutokea katika dakika ishirini, mbele ya mlango mmoja.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, siku moja baada ya sala ya alasiri, binti wa miaka saba alichomoza nyuma ya gari lililosimama, akikimbilia mlango. Pikipiki ikaja kwa kasi kutoka upande wa mjini ikielekea magharibi, na jua la saa kumi likimpiga dereva usoni. Ikamkumba yule mtoto. Alhamdulillahi hakufa. Alivunjika mguu, akalazwa hospitali, na kwa miezi mitatu hatukumwona chuoni.

Nilitoka mbio, nikamshika mkono yule kijana wa bodaboda, naye akitetemeka. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbio zote hizi ulikuwa ukienda wapi?"

Akanijibu, "Nisamehe, Maalim. Nilikuwa nawawahisha hawa watoto wako wasije wakachapwa."

Nikageuka, nikaona kweli. Wanafunzi wangu wawili walikuwa wamesimama kando ya pikipiki, wameshikana kwa hofu, na juzuu zao zimeanguka chini. Na mkononi mwangu mlikuwa na bakora. Kanuni ya chuo changu tangu zamani ilikuwa kwamba aingiaye baada ya majina kusomwa apigwe fimbo mbili, nami nilikuwa nikisimama mlangoni kuwangojea wenye kuchelewa. Nilidhani nawafundisha kuhifadhi wakati. Sikupata hata siku moja kufikiri kwamba bakora iliyopo mlangoni ndiyo inayoendesha pikipiki iliyopo barabarani.

JE, NI KUDRA TU?

Usiku ule tulikwenda nyumbani kwa wazazi wa binti kuwapa pole. Baba yake, mtu mpole mwenye kumcha Mungu, alimsamehe yule kijana mbele yetu. Wazee waliokuwapo wakasema kuwa ni kudra, na hapana wa kulaumiwa. Sikuwajibu usiku ule, maana haikuwa pahali pake. Nawajibu leo kwa heshima.

Kudra ni haki, na kuiamini ni katika nguzo za imani. Lakini imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, au amwache wazi na ategemee. Mtume akamwamrisha kufunga kwanza, ndipo ategemee. Basi mzazi aliyempakia mtoto wake wa tatu juu ya pikipiki iliyokwisha jaa, huyo hakumfunga ngamia wake. Nami niliyewatisha watoto mpaka wakakimbilia barabarani, sikumfunga wangu.

Tena tutazame Suratun Nisaa, pale Mwenyezi Mungu alipobainisha hukumu ya mwenye kumuua Muumini kwa kukosea. Hakusema kwamba kwa kuwa amekosea basi hana neno. Amemwekea diya ya kuwapa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na amemwekea kafara, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ikiwa kosa lisilokusudiwa lina uzito huu mbele ya Mola, vipi sisi twaliita bahati mbaya, kisha kesho yake tukarudia mwendo ule ule?

Na katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomwambia kwamba hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake. Wakamwuliza haki hiyo ni nini. Akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tena ametufundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini, au zaidi ya sabini katika mapokezi mengine, na tawi lililo chini kabisa ni kuondoa njiani chenye kuudhi. Nasi twajua thawabu ya mwenye kuondoa mwiba. Je, hesabu ya yule aliyeweka gari lake juu ya kivuko cha watoto kwa sababu hakutaka kutembea hatua arobaini itakuwaje? Mwiba huchoma unyayo. Gari lile humziba mtoto asionekane.

HESABU YA MWENDO

Vijana wengi wa bodaboda huniambia, "Maalim, mimi ni mwepesi, nitafunga breki." Nami huwapa hesabu ndogo. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Mtu akimwona mtoto ghafula, hupita kiasi cha sekunde nzima kabla mkono au mguu wake haujabana breki. Kwa hiyo amekwisha kwenda mita 14 kabla hata hajaanza kupunguza mwendo. Akiwa katika kilomita 30 kwa saa, atakuwa amekwenda mita 8 tu, na hata akigonga, mtoto ana matumaini makubwa zaidi ya kuishi. Ndiyo maana mawaziri wa mataifa mbalimbali waliokutana Stockholm mwezi wa Februari mwaka 2020 walikubaliana kwamba mahali ambapo vyombo vya moto na waenda kwa miguu huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa.

Mtoto naye ana hali yake. Yeye ni mfupi. Akiwa nyuma ya gari haoni wala haonekani. Hajui kukadiria mwendo wa chombo kinachokuja. Amwonapo mama yake ng'ambo ya barabara, humwona mama yake tu. Msimlaumu kwa hilo. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoumba utoto, na akili ya kuukamilisha ameiweka kwetu sisi wakubwa.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi kuliko ajali hizo. Sisi Watanzania tulilia pamoja mwezi wa Mei mwaka 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia bondeni huko Karatu na watoto zaidi ya 30 wakafariki. Msiba kama ule husikika nchi nzima. Lakini mtoto mmoja anayekumbwa mbele ya mlango wa shule yake haandikwi popote, na nyumbani kwao msiba ni ule ule.

SHERIA NA MFANO WA DAR ES SALAAM

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweka mwisho wa mwendo mjini kuwa kilomita 50 kwa saa, na yamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko. Dereva wa pikipiki na abiria wake wanatakiwa kuvaa kofia ngumu. Na kanuni za leseni za bodaboda na bajaji za mwaka 2010 zimekataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka tisa juu ya pikipiki ya abiria. Nilipowasomea wazazi kanuni hii, wengi walishangaa, maana karibu kila mtoto anayeletwa chuoni kwa pikipiki hajafika umri huo. Nawaambia wazi: tunapompa kijana shilingi zetu ampakie mtoto wa miaka sita, sisi ndio tunaomlipa avunje sheria.

Mtu atasema kwamba sisi ni maskini, na mambo ya usalama yataka fedha nyingi. Huko Dar es Salaam shirika liitwalo Amend lilitazama shule za msingi zilizo katika hatari, likachunguza watoto wanatoka wapi na wanavukia wapi. Kisha likatengeneza njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko vya mistari na mabango, na pengine likauhamisha mlango wa shule kutoka barabara kubwa kwenda kwenye njia yenye utulivu. Kazi hiyo ilipata mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji, inayotolewa na World Resources Institute ya Marekani. Nilipoisoma khabari hiyo, lililonigusa zaidi ni lile la mlango. Kuhamisha mlango kwataka fundi mmoja, bawaba mbili na shauri la watu wenye nia.

TULIYOYAFANYA

Tulikutana baada ya sala ya Ijumaa: wazazi wanaume na wanawake, vijana watano wa kijiwe cha bodaboda kilicho jirani, na yule mama muuza maandazi. Nilianza kwa kukiri kosa langu mbele yao. Niliona haya, lakini nikaona kwamba mwalimu asiyekiri hawezi kumtaka mwingine akiri. Kisha tukapatana mambo haya.

Kwanza, fimbo ya kuchelewa iliondoka. Anayechelewa huingia kwa salamu, hukaa nyuma, na hulipa dakika zake kwa kusoma baada ya wenzake.

Pili, mlango wa barabarani ulifungwa, tukafungua mwingine upande wa uchochoro, ambako gari haliwezi kupita. Mama wa maandazi alihamia huko, na biashara yake haikupungua.

Tatu, kila chombo chenye injini husimama penye mwembe ulio kiasi cha hatua themanini kutoka mlangoni, na mtoto hutembea iliyobaki. Hapo ndipo tulipobishana sana. Baba mmoja mwenye gari alisema kwamba yeye analipa ada kama wengine, na haoni kwa nini atembee. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mwanangu, umetembea kumzunguka mchumba miezi sita, utashindwa kutembea hatua themanini kwa ajili ya mtoto uliyempata?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, na mambo yakaisha.

Nne, hatuwatoi watoto wote kwa pamoja. Wadogo hutoka kwanza, kisha baada ya dakika kumi hutoka wa kati, kisha wakubwa, na wote huwa wamekwisha kuondoka kabla giza halijaingia.

Tano, na hili ndilo lipendwalo na watoto, tumerudisha msafara. Watoto wa mtaa mmoja huenda na kurudi kwa miguu pamoja, mmoja nyuma ya mmoja. Mbele hutangulia kijana mkubwa aliyechaguliwa, nao humwita kirangozi, na nyuma kabisa hukaa mkubwa mwingine mwenye kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa. Wanapofika penye kuvuka husimama wote, hutazama kulia, kushoto na kulia tena, na hawavuki ila kirangozi ameinua mkono. Anayempita kirangozi hutozwa kalamu yake ya risasi, naye huikomboa akifika chuoni kwa kusoma sura moja fupi.

Sisemi kwamba tumemaliza. Masika barabara huteleza na watu hurudi kwenye haraka yao, na wapo wazazi ambao bado husimama palipokatazwa. Lakini tangu siku ile hakuna mtoto wa chuo chetu aliyekumbwa, na sifa ni za Mwenyezi Mungu. Yule binti alipona, naye kwa sasa hutembea katika msafara wa mtaa wao. Yule kijana wa bodaboda ndiye asimamaye penye mwembe siku za Jumatatu na Jumatano, akiwaelekeza wenzake mahali pa kusimama. Hakuna aliyempangia kazi hiyo.

NENO LA MWISHO

Enyi akina baba na akina mama, amkeni mapema kwa robo saa, maana haraka ya njiani huanzia nyumbani. Msimwite mtoto akiwa ng'ambo ya barabara. Vukeni ninyi mumfuate. Enyi vijana mnaotafuta riziki ya halali juu ya pikipiki, mtoto mnayempakia ni amana kuliko nauli yake, na hapana riziki iliyokwisha kuandikiwa mtu ikampita kwa sababu alipunguza mwendo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, alipowasifu waja wake, alianza kwa kueleza namna wanavyokwenda juu ya ardhi kwa utulivu na unyenyekevu, kabla hajataja kukesha kwao katika sala. Na enyi walimu wenzangu, wa shule na wa vyuo, tutazame kanuni zetu: je, hakuna katika hizo inayomsukuma mtoto kukimbia mahali ambapo hapaswi kukimbia?

Mtume wetu (s.a.w.) amesema kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mimi nilijiona mchunga wa watoto ndani ya kuta za chuo tu. Sasa nimejua kwamba uchunga wangu hufika mpaka penye mwembe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendapo na warudipo, awape shifaa waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi kuwa wenye kuondoa udhia njiani, wala si wenye kuuweka. Amin.